Kushambulia ni Nini?

Mji wa Likasi una lugha nyingi. Nyumbani wazee husema Kisanga, Kiluba, Kibemba, au lugha nyingine za mababu zao. Sokoni na kazini watu wote husikilizana kwa Kiswahili. Shuleni watoto husoma Kifaransa. Tena mpaka wa Zambia hauko mbali, na kutoka huko hufika bidhaa, magazeti na maneno ya Kiingereza.

Neno moja la Kiingereza linalosikika mara nyingi ni «attack». Mwanafunzi akiuliza maana yake huambiwa upesi: «Attack ni kushambulia.» Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Neno hili lina kazi nyingi, na Kiswahili huzigawa kazi hizo kwa maneno mbalimbali. Tena ni neno la hatari. Mtu akilitumia bila kufikiri, aweza kumtia hatiani mtu asiye na kosa. Mji wa Likasi ulipatwa na jambo la namna hiyo mwaka 1961, wakati ulipokuwa ukiitwa bado Jadotville.

1. Asili ya neno

Waingereza hawakulizaa neno hili wenyewe. Walilipata kwa Wafaransa yapata miaka 400 iliyopita. Wafaransa husema «attaquer», nao walilitwaa kwa Waitaliano, ambao husema «attaccare».

Sasa tazama ajabu. Kwa Kiitaliano «attaccare» maana yake ya kwanza si kupiga. Maana yake ni kufunga, kubandika, kuunganisha kitu na kitu. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kifaransa ataona kwamba «attaquer» na «attacher» ni kama ndugu wawili: mmoja hupiga, mwingine hufunga. Waitaliano wa zamani walisema kwamba majeshi mawili «yameunganisha vita», yaani yamekutana na kuanza kupigana. Baadaye neno la vita likaachwa, na neno la kuunganisha likabaki peke yake na maana ya kupiga.

Msemaji wa Kiswahili haoni taabu kuelewa jambo hilo. Watu wawili wakigombana kwa nguvu, husemwa kwamba «wameshikana». Kushikana ni kuungana, lakini si kwa mapenzi.

2. Maneno yaliyo jirani

Kiingereza kina maneno mengine yaliyo karibu na «attack», na kila moja limeficha picha ndani yake. Picha hizo zikifunuliwa, maneno hayasahauliki.

Neno la kwanza ni «assault». Limetoka katika Kilatini, na ndani yake kuna neno la kuruka. Basi ni kumrukia mtu. Kiswahili kina picha ileile: chui humrukia mbuzi, na mwizi humrukia mpita njia.

Neno la pili ni «invade». Ndani yake kuna Kilatini cha kwenda na kuingia. Ni kuingia kwa nguvu katika nchi au mahali pa watu wengine. Kiswahili husema kuvamia. Jeshi likivuka mpaka bila ruhusa, limevamia nchi, hata kama bado halijapiga risasi moja.

Neno la tatu ni «ambush». Ndani yake kuna mwitu. Watu hujificha kichakani wakamngoja adui apite. Kiswahili husema kuvizia au kuotea. Mwindaji huvizia, na paka pia huvizia.

Neno la nne ni «besiege». Kifaransa husema «assiéger», na mtoto wa shule atalisikia ndani yake neno «siège», yaani kiti. Jeshi linakuja mbele ya mji, halina haraka, linakaa kitako. Linaziba njia zote, linakata maji na chakula, linangoja wenyeji wachoke. Kiswahili hakitumii picha ya kiti, kinatumia picha ya duara: kuuzingira mji. Wazee wa pwani husema pia kuuhusuru mji.

Kwa hiyo mtu anayesema «walitushambulia» hajasema yote. Waliwarukia ghafula? Waliwavizia njiani? Waliwavamia nyumbani? Au waliwazingira siku nyingi? Msemaji hodari huchagua neno linalolingana na tendo.

3. Pasipo na vita

Waingereza hulitumia neno «attack» hata mahali pasipo na silaha wala adui. Hapo ndipo mwenye kutafsiri hukosea, kwa maana hutia «kushambulia» kila mahali.

Katika ugonjwa, Kiingereza husema kwamba mtu amepata «attack» ya malaria. Kiswahili husema homa imemshika, au amepatwa na malaria. Moyo ukipata dhara la ghafula kwa sababu damu haifiki vizuri ndani ya nyama yake, Waingereza hutumia neno lilelile. Kiswahili husema amepatwa na mshtuko wa moyo.

Katika mashamba, wadudu hufanya kazi ya jeshi, na hapo Kiswahili hukubali maneno ya vita. Nzige huvamia shamba. Tangu mwaka 2016 aina ya viwavijeshi kutoka Amerika imeingia Afrika na kuharibu mahindi ya nchi nyingi, Kongo pia. Jina lao lenyewe lina jeshi ndani yake. Mkulima akisema «viwavi wameshambulia mahindi yangu,» hakuna atakayemcheka.

Katika mpira, kushambulia ni sifa. Mchezaji wa mbele huitwa mshambuliaji, na watu humpigia makofi. Timu ya Mazembe ya Lubumbashi ilifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010. Timu haifiki huko kwa kulinda goli lake tu, bali kwa kushambulia pia. Lakini mshambuliaji wa mpira akimpiga mwenzake teke la makusudi, huyo hakushambulia kwa maana ya mchezo. Amepiga mtu, na mwamuzi atamtoa nje.

Katika maneno, Waingereza husema gazeti «limemshambulia» mkubwa fulani. Kiswahili hukubali, lakini husema vizuri zaidi: kumshambulia kwa maneno. Tena inafaa kupambanua. Kumpinga mtu ni kukataa mawazo yake. Kumtukana ni kumvunjia heshima. Kumsingizia ni kumtwika kosa lisilo lake. Mwenye kupinga tu hajafanya kosa, na hafai kuhesabiwa pamoja na mwenye kutukana au kusingizia.

Katika kazi, Mwingereza husema «ameishambulia» kazi ngumu, maana ameianza kwa nguvu zote. Mswahili husema ameivalia kazi njuga. Kwa mzaha watu wenye njaa husema wameshambulia bukari, na sahani yabaki nyeupe.

Kuna matumizi mengine ambayo watu wa Likasi wanayajua kuliko wengi. Kiwanda cha Shituru kilianzishwa katika mwaka 1929 na Union Minière du Haut-Katanga. Humo shaba haitolewi kwa moto tu. Mawe yenye shaba husagwa, kisha hutiwa asidi ya salfa. Asidi huiyeyusha shaba, nayo ikawa maji ya rangi ya buluu. Kisha nguvu ya umeme hupitishwa katika maji hayo, na shaba safi huganda juu ya mabamba. Wataalamu wa Kifaransa na wa Kiingereza husema kwamba asidi «inashambulia» jiwe. Kwa Kiswahili ni vizuri kusema asidi inakula jiwe, au inaiyeyusha shaba. Asidi haina hasira wala adui. Inafanya kazi yake tu.

Mifano hii yote yaonyesha jambo moja. Wadudu, homa na asidi haviwezi kuulizwa «kwa nini?» Lakini mtu akishambulia, lazima aulizwe.

4. Vita vya Jadotville

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na nchi. Umoja wa Mataifa, ambao Kongo huitwa ONU, ulikuwa ukituma askari wa mataifa mengi. Baadaye ulitaka pia kuwaondoa Katanga maofisa wa kigeni na askari wa kukodiwa waliolisaidia jeshi la Tshombe.

Mwanzo wa mwezi wa Septemba 1961, kikosi kimoja kutoka Ayalandi kilitumwa Jadotville. Kilikuwa na watu zaidi ya 150, na mkubwa wao alikuwa Pat Quinlan. Waliambiwa wawalinde wakaaji Wazungu wa mji. Lakini wengi wa wakaaji hao hawakutaka kulindwa nao, na wenyeji wengi waliwatazama kwa chuki. Quinlan aliona hatari mapema. Akawaamuru askari wake wachimbe mahandaki, na wajaze maji katika kila chombo walichonacho.

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, wengi wa askari hao walikuwa katika Misa, nje ya majengo. Wakati huo magari ya jeshi la Katanga yakaja yakielekea kambini. Walinzi waliokuwa zamu wakafyatua risasi, wenzao wakakimbilia mahandaki, na vita vikaanza.

Siku zile zina maneno yote yaliyoelezwa juu. Kwanza walirukiwa, kwa kuwa adui alitumaini kuwakuta bila silaha mikononi. Pili walizingirwa, kwa kuwa njia zote zilizibwa na maji yakakatwa. Tatu walipigwa kutoka angani, kwa kuwa Katanga ilikuwa na ndege moja ya vita iliyotengenezwa Ufaransa, aina ya Fouga Magister, ikawapiga kwa mabomu na bunduki, nao hawakuwa na bunduki za kuipiga.

Umoja wa Mataifa ulijaribu kuwaokoa. Kikosi kiliondoka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kikafika daraja la mto Lufira. Hapo jeshi la Katanga lilikuwa likingoja, na kikosi hakikupita. Kikajaribu tena pamoja na askari wa Kihindi, kikashindwa tena, na baadhi ya watu wakauawa. Helikopta moja ilifaulu kuleta maji kambini. Lakini maji yalikuwa yametiwa katika madebe yaliyokuwa na mafuta, hayakunyweka.

Tarehe 17 Septemba risasi, maji na chakula vilikuwa vimekwisha au karibu kwisha. Quinlan akakubali kuweka silaha chini. Katika kikosi chake hakuna hata mmoja aliyekufa, na watano walikuwa wamejeruhiwa. Upande wa Katanga watu wengi zaidi walipoteza maisha. Askari wa Ayalandi wakafungwa, na wakaachiliwa katika mwezi wa Oktoba. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, akiwa safarini kutafuta mapatano.

Huko Ayalandi watu wengi waliona haya kwa sababu kikosi kilijisalimisha. Askari wa Jadotville walinyamaza miaka mingi. Quinlan alikufa mwaka 1997 kabla ya kuona sifa yake ikirudishwa. Mwaka 2016 serikali ya Ayalandi ilikipa kikosi kizima heshima kwa ushujaa wake, na mwaka 2017 wale waliosalia na jamaa za waliokufa walipewa nishani.

5. Nani alishambulia?

Swali laonekana rahisi. Katika Jadotville askari wa Katanga ndio walioiendea kambi. Basi wao walishambulia, na askari wa Ayalandi walijitetea.

Lakini asubuhi ileile, kabla ya mapambazuko, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanza kazi nyingine huko Élisabethville. Askari wake walikwenda kuishika posta, nyumba ya redio na mahali pengine pa serikali ya Tshombe. Kazi hiyo ilipewa jina la Morthor, neno la Kihindi lenye maana ya kuvunja. Hapo Umoja wa Mataifa ndio uliotangulia. Mtu wa Katanga aliyesikia habari hiyo kwa redio alisema: «Tumeshambuliwa.» Askari wa Ayalandi aliyekuwa ndani ya handaki saa chache baadaye alisema: «Tumeshambuliwa.»

Nani aliyesema uongo? Hakuna. Kila mmoja alisema jambo lililotokea mbele yake. Lakini kila mmoja alisema nusu tu. Kushambulia ni tendo, na kila tendo lina mahali pake na saa yake. Asemaye «Katanga ilishambulia» bila kutaja mahali, au «Umoja wa Mataifa ulishambulia» bila kutaja saa, amefunika nusu ya habari.

Maofisa wa Umoja wa Mataifa walilazimika kulifikiri neno hili sana. Tangu Julai 1960 Hammarskjöld alikuwa amewawekea sheria: askari wa Umoja wa Mataifa wasianze wao kutumia silaha, lakini wakishambuliwa kwa silaha waweza kujibu kwa silaha. Kisha ilielezwa kwamba mtu akijaribu kuwaondoa kwa nguvu mahali walipowekwa na mkubwa wao, hilo pia lahesabiwa kuwa shambulio. Kwa hiyo mlinzi wa Jadotville hakuwa na haja ya kungoja risasi ipige kichwa chake. Mnamo tarehe 21 Februari 1961 Baraza la Usalama liliongeza ruhusa: nguvu iweze kutumiwa ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini iwe njia ya mwisho. Hapo ugumu ukazidi. Ni nani atakayesema saa ya njia ya mwisho imefika?

6. Neno katika sheria za mataifa

Wanasheria wa ulimwengu nao wamelipima neno hili.

Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945, katika kifungu cha 51, yasema kwamba kila taifa lina haki ya kujitetea. Kwa Kiingereza kifungu hicho chasema taifa litajitetea likipatwa na «armed attack», yaani shambulio la silaha. Kwa Kifaransa chasema «agression armée». Hati ni moja, lakini maneno hayana uzito mmoja. «Attack» lataja tendo. «Agression» lataja tendo pamoja na kosa la mtendaji.

Kiswahili kinaweza kulionyesha jambo hili wazi kuliko lugha zote mbili, kwa sababu kina maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa: kushambulia na kuchokoza. Mchokozi ni mwenye kuanza ugomvi bila haki. Mshambuliaji ni mwenye kuuendea upande wa pili kwa nguvu. Mtu aweza kuwa mshambuliaji bila kuwa mchokozi. Jeshi lililovamiwa nchini mwake, likageuka na kuwashambulia wavamizi ili kuwatoa, limeshambulia kweli, lakini halikuchokoza.

Mnamo tarehe 14 Desemba 1974 mataifa yalipatana juu ya maana ya uchokozi. Yalisema kwamba taifa linalotangulia kutumia silaha kinyume cha Hati laonyesha dalili ya kwanza ya uchokozi. Lakini ni dalili tu. Baraza la Usalama laweza kuyatazama mambo mengine yote kabla ya kuamua.

Tena mwaka 1977 mataifa yalitunga nyongeza ya Mapatano ya Geneva, ambayo ni sheria ya kuwahurumia watu wakati wa vita. Kifungu cha 49 chasema neno la ajabu: mashambulio ni matendo ya nguvu juu ya adui, yawe ya kusonga mbele au ya kujitetea. Maana yake ni kwamba hata mwenye kujitetea, akipiga, amehesabiwa kuwa ameshambulia. Kwa nini sheria ilisema hivyo? Ni kwa ajili ya raia. Asiwepo mkubwa wa jeshi atakayesema: «Mimi najitetea tu, kwa hiyo nina ruhusa ya kuzipiga nyumba za watu.» Mama aliyejificha na watoto wake hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba bomu lililoanguka lilikuwa la kujitetea. Mwenye haki na asiye na haki, wote wawili wamekatazwa kuwapiga raia.

7. Sarufi yaweza kuficha mtu

Yafaa kutazama pia jinsi neno lenyewe linavyogeuka.

«Askari waliushambulia mji.» Hapa kila kitu ki wazi. Mtendaji yupo, na mtendewa yupo.

«Mji ulishambuliwa.» Hapa mtendewa yupo, lakini mtendaji amepotea. Sentensi hii ni nzuri ikiwa mtendaji hajulikani. Lakini mara nyingi watu huitumia ili kumficha anayejulikana sana.

«Walishambuliana.» Hapa wote wawili ni watendaji na watendewa. Kiingereza hakina neno moja la kusema hivyo. Lazima kiongeze maneno mengine. Kwa Kiswahili herufi mbili tu zatosha. Lakini herufi hizo zaweza kumtendea mtu vibaya. Mkubwa akimpiga mdogo, na mdogo akainua mkono kujikinga, je, «walishambuliana»? La. Mmoja alishambulia, mwingine alijikinga.

Jambo hili latokea kila siku uwanjani mwa shule. Watoto wawili wanaletwa mbele ya mwalimu, nguo zimejaa vumbi.

«Mwalimu, huyu amenishambulia!» asema wa kwanza.

«Hapana, Mwalimu, yeye ndiye aliyeanza!» asema wa pili.

Mwalimu mwenye haraka atasema: «Mmeshambuliana,» na kuwaadhibu wote sawasawa. Mwalimu mwenye haki atauliza maulizo manne. Nani alitenda? Alitenda nini hasa: alipiga, alisukuma, au alitukana? Nani alitangulia, na kabla ya hapo kulikuwa na nini? Na nani aliyeumia, je, alikuwa mmoja wa wagomvi, au mtoto wa tatu aliyekuwa akipita tu?

Maulizo hayo manne yawatosha watoto wawili, na yayatosha majeshi mawili. Wazee wa Likasi waliokuwa vijana mwaka 1961 hawasimulii habari moja. Mmoja aliona ndege ikipita juu ya paa. Mwingine alisikia redio ya Tshombe. Mwingine alipoteza ndugu yake katika jeshi la Katanga. Mtoto anayewasikiliza asiseme upesi kwamba fulani alikuwa mshambuliaji na fulani alikuwa mwema. Aulize kwanza mahali, saa, tendo na mtu. Akiisha kujua hayo manne, neno «kushambulia» litakaa mahali pake lenyewe.

Maneno ya kukumbuka

Kushambulia: kuuendea upande wa pili kwa nguvu ili kuupiga.
Kuvamia: kuingia kwa nguvu mahali pa wengine.
Kuvizia: kumngoja mtu kwa kujificha.
Kuzingira: kuzunguka pande zote na kuziba njia.
Kuchokoza: kuanza ugomvi bila haki.
Kujitetea: kuzuia dhara lisikupate.
Kujisalimisha: kuweka silaha chini na kujitia mikononi mwa adui.

Maulizo

1. Neno «attack» lilipita katika lugha zipi kabla ya kufika kwa Waingereza?
2. Neno «besiege» lina picha gani? Kiswahili hutumia picha gani?
3. Kwa nini haifai kusema kwamba homa «imemshambulia» mtu? Husemwaje vizuri?
4. Eleza kazi ya asidi katika kiwanda cha Shituru.
5. Tarehe 13 Septemba 1961 palitokea nini Élisabethville? Na Jadotville?
6. Toa mfano wa mtu aliyeshambulia bila kuchokoza.
7. Kwa nini sheria ya mwaka 1977 huhesabu hata kujitetea kuwa mashambulio?

Zoezi

Weka neno linalofaa mahali pa nukta: kuvizia, kuvamia, kuzingira, kuchokoza, kushambulia.

a) Fisi alikuwa aki... mbuzi nyuma ya boma.
b) Maji yakakatwa na njia zikazibwa, adui ali... mji siku tano.
c) Viwavijeshi wali... shamba usiku mmoja.
d) Yeye ndiye aliye...; mimi nilikuwa nimekaa kimya.
e) Mchezaji wa mbele ali... goli mara tatu bila kupata.

Kisha mwulize babu au bibi nyumbani habari moja ya ugomvi au vita aliyoiona yeye mwenyewe. Iandike kwa mistari kumi. Usitumie neno «kushambulia» kabla ya kusema nani, wapi, na saa gani.